Umfuatilie kereng'ende yupi? Wembamba wanne wa Afrika Mashariki bega kwa bega

Mwanafunzi anayetafuta mada ya mradi, mwalimu wa klabu ya mazingira, kikundi cha kulinda chanzo cha maji, mpiga picha aliyechoshwa na tembo: wote huniletea swali moja. Wameshaamua kufuatilia kereng'ende wembamba, wale ambao wengi wao hukunja mbawa mgongoni wakitua, si wale wanene wanaozitandaza kama ndege ya abiria. Kinachowakwamisha ni kumchagua mmoja. Spishi ni nyingi, na ukijaribu kuwafuata wote kwa mpigo utaishia na daftari lililojaa "buluu, mdogo, sijui". Nasema hivyo kwa sababu daftari langu la mwaka wa kwanza liko hivyo hivyo.

Nimechagua wanne ambao naona kila mmoja anajibu haja tofauti. Kiswahili hakina jina la kila spishi, kwa hiyo majina ninayotumia hapa ni ya kwangu, na la kisayansi nimeliweka pembeni ili usipotee ukitafuta picha: mkia-buluu (Ischnura senegalensis), mchezaji (Platycypha caligata), pandikizi (Coryphagrion grandis) na kereng'ende wa Amani, msitu wa huko Usambara (Amanipodagrion gilliesi).

Kabla ya kuwatenganisha, wanachoshirikiana. Kereng'ende wembamba ni wawindaji tangu utotoni hadi kufa. Jike hutoboa mmea au mti kwa kifaa chenye makali kilicho mwisho wa tumbo lake na kutia mayai ndani. Yai likianguliwa hutoka tunutu, mtoto asiye na mbawa anayeishi majini, mwenye mdomo wa chini uliokunjwa chini ya uso kama mkono. Mawindo yakipita, mdomo huo hufyatuka na kuyanasa. Hakuna hatua ya bundo kama kwa kipepeo. Tunutu aliyekomaa hupanda jani au mti, ngozi hupasuka mgongoni, na mzima hujivuta kutoka humo, laini na mweupe-mweupe, akisubiri mbawa zikauke. Kwa hiyo unapomwona kereng'ende mmoja unatazama maisha mawili: ya majini na ya hewani. Yote mawili lazima yapate riziki mahali pamoja, na hapo ndipo thamani yake kama shahidi wa mazingira ilipo.

Vigezo vya kupimia

Natumia vinne. Cha kwanza ni sura na urahisi wa kumtambua bila kumkamata, maana si kila mtu ana wavu, na kuna mahali ambapo wavu haufai kabisa. Cha pili ni makazi, na zaidi ya makazi, uwezo wako wa kurudi. Hesabu ya siku moja haikuambii kitu. Hesabu ya asubuhi kumi na mbili inaanza kusema. Cha tatu ni kazi yake katika mazingira na anachokuambia kuhusu maji unayoyatazama. Cha nne ni wewe mwenyewe: una muda gani, kamera gani, kibali gani, uvumilivu kiasi gani.

Watu wengi huanza na kigezo cha uzuri. Sikatazi. Ila uzuri usioweza kuufikia zaidi ya mara moja kwa mwaka utakuachia picha mbili na hakuna cha kuandika.

1. Mkia-buluu (Ischnura senegalensis)

Sura na utambuzi. Ana urefu wa kama sentimita tatu na wembamba wa kijiti cha ufagio. Dume ni mweusi mgongoni, ubavuni mwa kifua ana kijani au buluu, na karibu na mwisho wa tumbo pingili moja, ya nane kati ya kumi, inang'aa buluu kama taa ya nyuma ya pikipiki iliyogeuzwa rangi. Hapo ndipo wanaoanza hupumbazwa, kwa sababu spishi nyingine, Azuragrion nigridorsum, naye ni mweusi juu na buluu mwishoni. Tazama bawa la mbele: kidoa kilicho ukingoni karibu na ncha, kwa dume la mkia-buluu, kina rangi mbili, sehemu ya giza na sehemu iliyopauka. Kwa simu ya kawaida kidoa hicho hukioni vizuri. Kwa kamera yenye lenzi ya karibu kinaonekana.

Jike ndiye mtihani. Jike mchanga wa aina moja huwa na rangi ya chungwa iliyoiva, na akikomaa hugeuka kijani cha kufifia au kahawia. Wa aina nyingine huvaa rangi za dume kabisa, hata mkia wa buluu. Niliwahi kukaa na wanafunzi kando ya bwawa, nao wakaniandikia spishi tatu kwa furaha kubwa. Wote watatu walikuwa huyu huyu mmoja. Wataalamu wengi wanaona kuwa kujifananisha na dume humpunguzia jike usumbufu wa madume wanaomwandama siku nzima. Si jambo dogo, kwa kuwa kupandana kwa spishi hii kunaweza kuchukua saa kadhaa, na muda huo wote jike hatagi. Akiachiwa, huenda kutaga peke yake, bila dume kumlinda.

Makazi na kufikika. Maji yaliyotulia: bwawa, lambo la ng'ombe, mfereji, shamba la mpunga, dimbwi lenye ndago, hata maji ya chumvi kidogo. Ametapakaa Afrika nzima, akavuka Uarabuni na Asia ya kusini hadi Japani. Huruka chini chini, katikati ya majani, mara nyingi usawa wa goti. Utampata saa nne asubuhi na utampata saa kumi jioni. Tahadhari pekee ni yako: madimbwi ya aina hii ndiyo pia nyumba ya konokono wa kichocho, kwa hiyo hesabu ukiwa ukingoni, usiingie majini na miguu mitupu.

Kazi yake na anachokuambia. Tunutu wake hula viluwiluwi vya mbu na vijidudu vingine vya majini. Mzima hukamata mbu, usubi na wadudu wadogo wanaofyonza mpunga. Yeye naye huliwa na samaki, vyura, buibui na ndege. Ni mtumishi wa kila siku, na anafanya kazi mahali ambapo wenzake wengi wameshahama. Lakini kama shahidi wa ubora wa maji ni dhaifu. Afrika Kusini kuna kipimo kinachompa kila kereng'ende alama kuanzia 0 hadi 9 kwa kujumlisha vitu vitatu, ukubwa wa eneo analopatikana, hatari inayomkabili, na jinsi asivyovumilia makazi kuharibiwa. Mkia-buluu ana 0. Kuwapo kwake kunakuambia kwamba kuna maji na kuna majani, basi. Habari iko kwa walio naye: akiwa na spishi nyingine nane, bwawa lina uhai, akibaki peke yake mwezi baada ya mwezi, kuna kitu kimeharibika.

Anamfaa nani. Shule, anayeanza, mwenye haja ya takwimu nyingi kwa muda mfupi, na yeyote anayevutiwa na fumbo la majike. Hamfai anayetaka kuthibitisha kwamba kijito cha msituni bado kizima, maana angalikuwapo hata kingekuwa kimeshakufa nusu.

2. Mchezaji (Platycypha caligata)

Sura na utambuzi. Nakiri mapema kwamba huyu ana nafasi yake moyoni mwangu, kwa hiyo punguza chumvi unaposoma. Yumo katika jamii ambayo uso wake umechomoza mbele kama pua, na tumbo lake ni fupi kuliko mbawa zake, umbo ambalo hulioni kwa kereng'ende wembamba wa kawaida. Dume aliyekomaa ana tumbo pana la buluu juu, lenye wekundu wa machungwa pembeni. Miguu ndiyo saini yake. Sehemu ya chini ya kila mguu imepanuka na kuwa bapa kama kijiko kidogo, upande mmoja mweupe, upande mwingine mwekundu. Jike ni wa kahawia mwenye madoa, na dume mchanga bado hajapata rangi, hivyo hao wawili huhitaji jicho lililozoea. Kwenye milima ya Tao la Mashariki nchini Tanzania kuna ndugu yake, Platycypha auripes, asiyepatikana kwingine. Ukiwa huko usiandike jina kwa haraka.

Miguu hiyo ina kazi. Lala kifudifudi juu ya jiwe kando ya kijito, saa tano asubuhi jua likipenya, na uchague kipande cha mti kilichozama nusu. Dume mmoja atakuwa amekimiliki. Huketi juu yake au kwenye jani lililo karibu, na kila dume mwingine akipita humfukuza. Jike akitokea, mambo hubadilika. Dume humtangulia usoni, anaelea hewani bila kusonga, miguu imetandazwa mbele na kutikiswa kwa kasi hata unaona ukungu mweupe mdogo unaotetemeka. Mara ya kwanza nilidhani amenaswa na utando wa buibui. Jike akikubali hutua. Asipokubali huruka zake, naye dume hurudi kwenye kijiti chake kana kwamba hakuna lililotokea. Baada ya kupandana jike hutaga ndani ya ule mti uliolowa, na dume hukaa karibu akilinda. Kijiti kimoja kizuri kinaweza kuvutia majike kadhaa, ndiyo maana kinapiganiwa.

Tunutu wake naye ana kituko chake. Kereng'ende wembamba wengi wachanga wana matamvua matatu mkiani yaliyo kama majani; wa jamii hii wana mawili tu, marefu na yaliyochongoka, la katikati likiwa limefupika. Ukiwahi kugeuza jiwe la mtoni na kuona mdudu mwenye mishale miwili nyuma, mrudishe pale pale ulipomtoa.

Makazi na kufikika. Maji yanayotiririka, kuanzia Ethiopia hadi Afrika Kusini: vijito na mito yenye mawe, mizizi iliyoning'inia na miti iliyoanguka majini, mahali ambapo jua na kivuli vinapokezana. Hahitaji msitu mnene. Mto upitao kati ya mashamba unaweza kuwa naye ikiwa ukingo bado una miti. Hii ina maana kwamba watu wengi wa nyanda za juu wanaweza kumfikia kwa miguu, bila kibali cha hifadhi, ila mito ya chini yenye mamba si mahali pa kulala kifudifudi, hata kwa ajili ya sayansi.

Kazi yake na anachokuambia. Anawinda kama wenzake, tunutu kwenye mizizi na takataka za mtoni, mzima akidaka wadudu juu ya maji. Lakini uzito wake kwa mwangalizi uko kwenye mti uliozama. Bila miti ukingoni hakuna matawi yanayoanguka. Bila matawi hakuna pa kutaga. Bila pa kutaga dume hana cha kulinda. Anakueleza juu ya ukingo zaidi ya anavyokueleza juu ya kemia ya maji. Kikundi kinachopanda miti kandokando ya mto kinaweza kumtumia kuona kama kazi yao imeanza kuzaa: wahesabu madume waliokamata vijiti kwenye kipande kile kile cha mita mia moja, kila mwezi. Kuna kosa moja ambalo vikundi vya usafi hulifanya kwa nia njema. Huopoa kila kipande cha mti kutoka mtoni ili "upendeze". Plastiki iopolewe, mti uachwe.

Anamfaa nani. Anayependa tabia kuliko orodha, kikundi cha kulinda kingo za mto, mpiga picha mwenye subira. Hamfai mwenye haraka, wala anayeishi kwenye tambarare isiyo na maji yanayotembea.

3. Pandikizi (Coryphagrion grandis)

Sura na utambuzi. Huyu ndiye mkubwa kuliko kereng'ende wembamba wote wa Afrika, na ukimwona huhitaji kitabu. Tumbo lake ni refu kupita kiasi, mbawa ni ndefu, na anaporuka polepole kwenye kivuli huonekana kama kitu kinachozunguka badala ya kupiga mbawa. Akitua hujining'iniza kwenye kijiti na kugeuka kuwa kijiti. Nimesimama hatua mbili kutoka kwake nikimtafuta kwa darubini mahali pengine.

Alipewa jina la kisayansi na mtaalamu wa wadudu, Morton, mwaka 1924, na kwa muda mrefu ukoo wake ulileta ubishi. Ndugu zake wa karibu hawako Afrika. Wako kwenye misitu ya mvua ya Amerika ya Kati na Kusini, majitu wenzake ambao huchomoa buibui kutoka kwenye tando zao. Uchunguzi wa vinasaba uliochapishwa mwaka 2007 uliunga mkono udugu huo. Maelezo yanayokubalika zaidi ni kwamba ukoo huu ulikuwapo kabla Afrika na Amerika Kusini hazijaachana, miaka kama milioni mia moja iliyopita, na pandikizi ni masalio ya upande wa huku.

Makazi na kufikika. Misitu ya pwani ya Afrika Mashariki, Shimba Hills nchini Kenya ikiwa mahali palipoandikwa sana, na sehemu za Tanzania na Msumbiji. Usimtafute mtoni. Hutaga kwenye mashimo ya miti yaliyojaa maji ya mvua, na huko ndiko tunutu wake anakokulia. Maelezo kamili ya tunutu huyo yalichapishwa mwaka 2002 na Viola Clausnitzer na Martin Lindeboom. Kwa hiyo kumfuatilia ni kazi ya kufuatilia mashimo: unachora ramani ya miti yenye mashimo, unayapa namba, unarudi baada ya mvua na tochi. Ni kazi ya jasho na ya mbu, na kwenye hifadhi inahitaji kibali. Utafiti nchini Kenya hupitia NACOSTI, tume ya taifa ya sayansi, na hifadhi yenyewe ina wenye mamlaka yake.

Kazi yake na anachokuambia. Ndani ya shimo la mti tunutu huyu ni simba. Mbu wanaozaliana kwenye mashimo hayo, wakiwamo wa jamii ya Aedes, humkuta akiwasubiri. Shimo ni dogo na chakula ni haba, kwa hiyo halilishi wengi. Kama kiashiria, hazungumzii mto hata kidogo, anazungumzia umri wa msitu. Mashimo makubwa yanayoshika maji hupatikana kwenye miti mikubwa na mikongwe, ile ile inayotangulia kukatwa kwa mbao na mkaa. Msitu unaweza kuonekana wa kijani ukiutazama ukiwa barabarani na bado ukawa umepoteza kila shimo la maana.

Anamfaa nani. Mwanafunzi wa shahada aliye karibu na pwani na mwenye msimu mzima, mwongoza wageni wa msituni anayetaka kitu cha kuwaonyesha mbali na ndege, na mtu anayevutiwa na historia ya mabara. Hafai kwa safari ya siku moja ya shule.

4. Kereng'ende wa Amani (Amanipodagrion gilliesi)

Sura na utambuzi. Mkubwa, mwembamba, wa rangi ya giza. Akitua hutandaza mbawa, kinyume na kanuni niliyotaja mwanzoni. Kutandaza mbawa peke yake hakutoshi kumtambulisha, kwani wembamba wengine wa jamii ya Lestes nao huziacha wazi nusu, lakini hao ni wa madimbwi yenye nyasi na huyu ni wa kijito chenye giza la msitu. Ni spishi pekee katika jenasi yake. Mtaalamu wa kereng'ende, Pinhey, alimwelezea mwaka 1962, na jina gilliesi ni kwa heshima ya Gillies, aliyekuwa akichunguza mbu wa malaria huko huko Amani. Mlaji wa mbu kubeba jina la mtafiti wa mbu: sijui kama ilikusudiwa, lakini inanifurahisha.

Makazi na kufikika. Usambara Mashariki, mkoani Tanga, na si kwingine duniani. Kwa miaka mingi idadi iliyojulikana yote ilikuwa kwenye kipande cha kijito kisichofika nusu kilomita. IUCN, shirika la kimataifa la uhifadhi, imemweka kwenye kundi la walio hatarini sana, na mwaka 2012 aliingizwa kwenye orodha ya spishi 100 zilizo karibu zaidi na kutoweka duniani. Msitu wa Amani ni hifadhi ya mazingira asilia tangu 1997, chini ya mamlaka ya misitu, TFS. Utafiti wowote huhitaji kibali cha COSTECH, tume ya sayansi na teknolojia ya Tanzania, na kumtazama tu kunahitaji kiingilio na mwongozaji. Sipendekezi utafute mahali hasa kwenye mtandao, na ukipajua usipachapishe.

Kazi yake na anachokuambia. Ni mwindaji wa kijito kidogo, na kwa idadi yake hawezi kuwa nguzo ya chakula cha msitu. Thamani yake kimazingira iko kwingine: anasimama kwa niaba ya maji. Vijito vya Usambara Mashariki huungana kuwa Mto Zigi, na Zigi ndio unaopeleka maji Tanga mjini. Kijito kikichafuliwa na kingo zikikanyagwa, yeye hutangulia kuondoka. Mabomba hufuata baadaye kwa gharama ya kusafisha maji.

Anamfaa nani. Kwa kweli ni wachache: watafiti wenye vibali, walinzi wa hifadhi, waandishi wanaotaka kueleza kwa nini msitu ule ulindwe. Mpiga picha wa burudani ningemwambia aende Amani akafurahie kereng'ende wengine wote wa pale, maana wapo tele, na akibahatika kumwona huyu asimkaribie wala asikanyage ukingo. Buti moja kwenye kipande kifupi namna hiyo si sawa na buti moja kando ya bwawa.

Wakiwekwa pamoja

Kwa urahisi wa kumfikia, mkia-buluu yuko mbele na wa Amani yuko nyuma. Katikati, mchezaji anamzidi pandikizi kwa mbali. Kwa urahisi wa kumtambua mpangilio unageuka: pandikizi humkosei kamwe ukishamwona, mchezaji humkosei ukiona miguu ya dume, na mkia-buluu, aliye kila mahali, ndiye anayekosewa zaidi. Kwa tabia za kutazama, mchezaji na mkia-buluu wanakabana. Mmoja anakupa ngoma, mwingine anakupa kitendawili. Na kila mmoja ni shahidi wa kitu chake: mkia-buluu wa bwawa na walio naye, mchezaji wa ukingo wa mto, pandikizi wa miti mikongwe, wa Amani wa kijito cha mlimani. Ukimwuliza mmoja swali la mwingine utapata jibu la uongo, na kosa litakuwa lako.

Kulingana na hali yako

Una saa mbili kwa wiki na bwawa karibu: chukua mkia-buluu. Tembea ukingo ule ule kati ya saa nne asubuhi na saa nane mchana siku ya jua, hesabu madume, majike ya chungwa, majike yanayofanana na madume, na spishi nyingine zozote hata kama huzijui jina. Safu hiyo ya mwisho ndiyo itakayokuwa na maana baadaye.

Kikundi chako kinapanda miti kando ya mto: mchezaji. Anzeni kuhesabu kabla ya kupanda, si baada, vinginevyo hamtakuwa na cha kulinganisha. Wekeni kipande kingine cha mto kisichopandwa, mkihesabu siku hiyo hiyo.

Unaandika tasnifu na uko pwani: fikiria pandikizi, lakini tumia mwezi wa kwanza kuhesabu mashimo ya miti tu. Ukipata mashimo matano, badili mada mapema. Ukipata hamsini, una kazi nzuri mbele yako.

Unataka picha moja ya kutundika ukutani: mchezaji, dume, mwanga wa kutoka pembeni, kasi kubwa ya kamera. Piga pia ubavu na ncha ya tumbo kwa ajili ya utambuzi, kisha pakia iNaturalist, mtandao wa kurekodi na kutambua viumbe.

Unaongoza wageni Amani: mtaje wa Amani, eleza kisa chake, halafu waonyeshe wageni kereng'ende walio kando ya njia. Wengi wataridhika. Anayeng'ang'ania kupelekwa hadi kijitoni bila kibali, mjibu hapana kwa upole.

Na kama uko mahali pakavu, bila bwawa, mto wala msitu wa pwani, subiri mvua. Madimbwi ya msimu huvuta kereng'ende haraka kuliko unavyodhani, na mara nyingi mkia-buluu huwa miongoni mwa wanaotangulia kufika.